UZI: Oman, Uingereza, Kanada, Marekani. Mhamiaji anafanikiwa wapi, na kwa nini?

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu unafunguliwa uzi wa "nchi gani inalipa", na majibu ni yaleyale. Mmoja anataja Kanada, mwingine anasema Uarabuni unaweka akiba yote kwa kuwa hulipi kodi wala pango, wa tatu anasema bora ubaki Bongo ulime. Mimi naishi Kanada, dada yangu mkubwa amefanya kazi za ndani Oman, na binamu yangu analea wazee Leicester, Uingereza. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona humu tunashindana kwa mishahara wakati kinachowatenganisha watu zaidi ni karatasi waliyoingia nayo. Swali la kwanza la kumuuliza anayesafiri ni hili: ukigombana na mwajiri kesho, utaruhusiwa kubaki nchini utafute mwingine?

Naanza na Oman, maana pale jambo hili linaonekana peupe.

Ukienda Muscat utakisikia Kiswahili benki, hospitali, hata wizarani. Wanaokizungumza ni Waomani wenye asili ya Zanzibar na pwani yetu. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengine walizunguka kwanza Cairo, Kuwait, Dubai na Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970, mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa tangu 1967 lakini nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Akawaita nyumbani Waomani walioko nje. Wazanzibari wakaja na Kiingereza chao, wakaja walimu, wauguzi, wahasibu, mafundi. Wengi Kiarabu kiliwapiga chenga na walisemwa kwa hilo, lakini kampuni ya mafuta, mabenki na ofisi za serikali zilihitaji watu waliosoma, nao walikuwepo. Wakapewa uraia. Ndani ya kizazi kimoja familia zilizokimbia na nguo za mwilini zikawa na nyumba, magari na watoto vyuoni.

Sasa ingia jikoni kwenye nyumba mojawapo ya mji huohuo. Utakuta dada wa kutoka Tanga, Kondoa au Singida. Naye anasema Kiswahili, pengine na bosi anakisema. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Mshahara ulikuwa rial 80 kwa mwezi, kama dola 208. Pasipoti ilikabidhiwa mwenye nyumba siku ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa amemlipa wakala pesa nyingi ili ampate, kwa hiyo dada alipotaka kuondoka kabla ya miaka miwili akaambiwa arudishe kwanza gharama hizo. Zilizidi mshahara wake wa mwaka mzima. Angetoka bila ruhusa, angekuwa mtoro kisheria. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliwahoji Watanzania waliofanya kazi hizi Oman na Emirates, likatoa ripoti 2017, na niliyoyasoma humo ndiyo niliyoyasikia kwa dada yangu: kupokonywa pasipoti, saa za kazi zisizo na mwisho, mshahara kukatwa. Oman imelegeza mambo kiasi. Tangu Januari 2021 mfanyakazi akimaliza mkataba hahitaji tena barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani ili aajiriwe kwingine. Lakini sheria mpya ya kazi ya 2023 imewaacha nje wafanyakazi wa majumbani.

Kwa hiyo mji ni uleule, lugha ileile, uchumi uleule wa mafuta. Aliyeingia kama raia amepanda ngazi, na aliyeingia chini ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, anasubiri mkataba uishe.

Twende Uingereza.

Februari 2022 serikali ya kule iliwafungulia mlango walezi wa wazee kutoka nje kwa sababu nyumba za wazee zilikosa watu. Binamu yangu akapita hapo. Tuifungue hati yake ya mshahara. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa saa 37 na nusu kwa wiki unakaribia pauni 1,980 kwa mwezi. Kodi na bima ya taifa vinaondoka na kama 260, mkononi zinabaki 1,720 hivi. Toa chumba kwenye nyumba ya kuchangia, toa chakula, toa mafuta na bima ya gari, kwa sababu anayezunguka kwa wazee majumbani bila gari hapati shifti. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabla ya kufika: muda wa kuendesha kutoka kwa bibi huyu hadi kwa babu yule mara nyingi haulipwi. Anatoka saa 12 asubuhi giza halijaisha, anarudi saa 3 usiku, na saa zilizoandikwa ni nane.

Hata hivyo kinachobaki ni kikubwa kuliko rial 80, sibishi. Shida ni kwamba visa yake imefungwa kwa mwajiri mwenye leseni. Mwajiri akinyang'anywa leseni au akimfukuza, anapewa siku 60 apate mwingine mwenye leseni au aondoke. Wapo walionunua cheti cha udhamini kwa maelfu ya pauni, jambo ambalo ni kosa, wakafika na kukuta saa za kazi hazipo. Atalalamika kwa nani mtu ambaye ameuza kiwanja cha familia ili afike? Machi 2024 walezi wapya wakakatazwa kuja na wenza na watoto, na Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoajiriwa kutoka nje.

Sasa mji huohuo wa Leicester una historia nyingine inayotuhusu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza, mali na maduka wameyaacha Kampala na Jinja, mfukoni wana pauni hamsini na kitu. Halmashauri ya Leicester ilitoa hadi tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije kwao. Wakaja. Watu waliokuwa wenye maduka na makarani wakaishia kwenye mashine za viwandani. Ndugu zao wa Kenya na Tanzania walikuwa wameanza kufika tangu miaka ya 60, na kazi zilikuwa hizohizo.

Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia katika kiwanda cha Imperial Typewriters palepale Leicester waligoma kwa sababu ya malipo ya bonasi na ubaguzi, chama chao cha wafanyakazi kikakataa kuwaunga mkono. Agosti 1976 Jayaben Desai, mama wa Kigujarati aliyewahi kuishi Tanganyika, alitoka nje ya kiwanda cha Grunwick kaskazini magharibi mwa London, na wenzake wakamfuata. Mgomo ule uliendelea hadi 1978, na walishindwa. Ninachotaka mkione ni kwamba walishindwa mgomo, lakini hakuna aliyepelekwa uwanja wa ndege kwa sababu ya kugoma. Karatasi zao hazikuwa mikononi mwa mwenye kiwanda. Waliofukuzwa walitafuta kazi kwingine, wengine wakafungua maduka, na leo Belgrave Road ya Leicester imejaa maduka ya dhahabu na sari. Oktoba 2022 Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, akawa Waziri Mkuu.

Najua mtasema wale walikuja na elimu, Kiingereza na uzoefu wa biashara. Kweli, na siupuuzi uzito wake. Ila binamu yangu naye ana diploma na Kiingereza, anaishi mji uleule, na hathubutu hata kuuliza kuhusu ovataimu yake.

Namalizia na nilipo. Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa alama mwaka 1967: umri, elimu, lugha, ujuzi. Tangu 2015 maombi yanapita kwenye mfumo wa Express Entry. Ukipita hapo unashuka na ukaazi wa kudumu tayari. Siku ya kwanza unaweza kufanya kazi kwa yeyote, kuhama mkoa, kufungua biashara. Huo ni utajiri ambao haumo kwenye hesabu za mshahara.

Lakini Kanada ina mtego wake, nao ni vyeti. Mimi ni muuguzi. Ili nitambuliwe, chuo changu kilitakiwa kutuma matokeo na mtaala moja kwa moja kwa chombo cha tathmini, wala haukubaliki ukiupeleka kwa mkono wako. Ofisi ya chuo ikawa inanizungusha: mhusika yuko likizo, muhuri umebadilika, faili liko stoo. Wakati huo wote nilikuwa nawaosha na kuwageuza wagonjwa kama msaidizi, chini ya wauguzi ninaojua kazi yao neno kwa neno. Na kigezo cha "uzoefu wa Kanada" kimewakwamisha wahandisi na wahasibu wengi, hadi mkoa wa Ontario ukatunga sheria mwaka 2021 kuzuia taaluma nyingi zinazosimamiwa kisheria zisikidai.

Pia ndani ya Kanada hiyohiyo wapo wa kundi la pili: wafanyakazi wa muda mashambani na viwandani ambao kibali chao kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Mwaka 2023 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Tomoya Obokata, alisema mpango huo unazalisha mazingira ya utumwa wa kisasa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Kanada ni nzuri", muulize aliingia kwa kibali gani.

Karibuni tujadili.

#2

Wandugu, jambo. Mleta mada umetusahau sisi wakimbizi.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Baba ni fundi cherehani. Kambini huruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali, kwa hiyo wateja wake walikuwa wakimbizi wenzake tu, watu wasiokuwa na pesa. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanajaribu kugawa pesa taslimu badala ya chakula, ikasimamishwa 2017, hata vile viraka vya suruali vikapungua. Shangazi yangu alikimbilia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Sheria yao ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Akapewa kipande cha shamba, akawa anauza mahindi na maharage kwa wachuuzi wa Mbarara. Siku hizi watu wamezidi na ardhi haitoshi, lakini yeye alishika pesa yake mwenyewe. Ni wakimbizi wa vita ileile, nchi mbili jirani.

Sisi tulipata bahati ya kuletwa Kentucky, Marekani. Huku mkimbizi anafanya kazi kwa mwajiri yeyote tangu anafika. Baada ya mwaka unaomba ukaazi wa kudumu, ikitimia miaka 5 unaomba uraia. Ila msidhani ni mteremko. Msaada wa mapokezi ni siku 90. Tiketi za ndege ni mkopo wa IOM, shirika la uhamiaji la kimataifa, hauna riba, lakini familia kubwa inadaiwa maelfu ya dola na marejesho yanaanza takriban miezi sita baada ya kufika. Nani atakaa darasani ajifunze Kiingereza? Baba akaingia kiwanda cha nyama. Amesimama, kisu mkononi, vipande vinapita mbele yake haviishi, ndani kuna baridi, na ule mkono wa cherehani ukaanza kufa ganzi usiku. Mama alikuwa anaukanda kwa maji ya moto kabla ya kulala.

Kiwanda cha pili kilipoongeza dola moja na nusu kwa saa, baba alihama bila kumwomba mtu ruhusa. Cha kwanza nacho kikapandisha ili watu wasiishe. Leo ana nyumba ya mkopo na wadogo zangu wawili wapo chuo. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kabisa.

Kinachoniuma ni waliobaki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kuna watu walikuwa wamemaliza usaili na vipimo, wameshagawa vyombo vyao kwa majirani.

#3

Mkuu, Uarabuni usiuweke kapu moja. Mimi nipo Doha, mlinzi. Qatar ilifuta sharti la ridhaa ya mwajiri 2020, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyal 1,000, na kama kampuni haikupi malazi na chakula inaongeza 500 na 300. Inawahusu watu wote, hata wa majumbani. Nimehama kampuni mwenyewe.

Ila nisiseme uongo, wengine wakijaribu kuhama wanafunguliwa kesi ya kutoroka kazini, na kuifuta ni kazi kweli. Na riyal 1,000 ni kama dola 274. Kama ulikopa ili umlipe wakala, miezi mingi ya mwanzo unamfanyia kazi aliyekukopesha.

#4

Naomba nipinge kidogo. Kaka yangu yupo Marekani miaka na miaka, ana karatasi zote, anabeba boksi kwenye ghala, na hana hata msingi wa nyumba Bongo. Jirani yetu karudi kutoka Saudia baada ya mikataba miwili, amejenga vyumba vitatu na amenunua bajaji. Karatasi zimemsaidia nini kaka?

#5 – Mleta mada

Mkuu #4, hoja yako ni nzito, nimeifikiria tangu asubuhi.

Kwanza, jirani yako anaonekana kwa sababu alichokipata chote kimeletwa nyumbani. Kule hakuruhusiwa kuwa na maisha: chumba cha bosi, chakula cha bosi. Kaka yako analipa pango, gari, bima ya afya, na pengine watoto. Nyumba ya Bongo haionyeshi hali yake yote. Muulize watoto wake wanasoma wapi. Faida kubwa ya nchi zinazotoa ukaazi wa kudumu huonekana kwa watoto, na Saudia mtoto wa dada wa kazi hana nafasi hiyo, kwa sababu haruhusiwi hata kuwepo.

Pili, na hili linaniuma, mwenye karatasi anabebeshwa ukoo mzima. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Ni pesa za ada, matanga na hospitali. Na njiani zinamegwa: kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara kunagharimu wastani wa kama asilimia 8, wakati lengo la dunia ni asilimia 3 ifikapo 2030. Marekani nayo imeweka kodi ya asilimia 1 tangu Januari 2026 kwa anayetuma kwa pesa taslimu. Anayetumia akaunti ya benki hakatwi, kwa hiyo anayepigwa ni yule asiye na akaunti, mnyonge kuliko wote.

Tatu, hakikisha kaka yako alizipata lini hizo karatasi. Walioenda kujilipua Marekani, yaani kuomba hifadhi ya ukimbizi, wanajua: ukishaomba hupati kibali cha kazi mpaka zipite siku 180, na kesi yenyewe inaweza kukaa miaka. Miaka hiyo mtu anafanya kazi za kificho kwa malipo ya kificho, na akija kuhalalishwa umri umekwenda na hana cha kuandika kwenye wasifu wake.

Mkuu #2, asante sana, na pole kwa mkono wa mzee. Umenikumbusha kwamba na sisi Tanzania ni wenyeji. Warundi waliokuja 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima hadi wakajilisha na kuuza ziada, na 2014 zaidi ya 162,000 kati yao wakapewa uraia. Tuliweza wakati ule. Kwa nini fundi wa Nyarugusu asiruhusiwe kushona suruali za watu wa Kasulu?

#6

Niongeze Sweden kwa kifupi. Huku hakuna sheria ya kima cha chini, mishahara inapangwa kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, kwa hiyo hata mfagizi anapata pesa ya heshima. Kwa sababu hiyohiyo kazi za kuanzia zisizohitaji cheti ni chache. Rafiki yangu Mrundi amesoma lugha bure, kisha kozi ya udereva wa basi, muda mrefu akiishi kwa posho. Sasa anaendesha basi, ana likizo ya malipo na ratiba inayojulikana. Ukimlinganisha na baba wa #2, mmoja alianza kulipwa mapema akaumia mkono, mwingine alichelewa akaanza juu kidogo. Uvumilivu wa kukaa bila kazi nao si wa kila mtu. Wapo walioingia msongo wa mawazo.

#7

Mleta mada, ubarikiwe. Mdogo wangu ana mkataba wa kazi za ndani Oman, anatakiwa kuondoka mwezi ujao. Nyumbani hali ni ngumu, hatuwezi kumzuia. Afanye nini?

#8 – Mleta mada

Dada #7, simwambii asiende, najua njaa haisubiri.

Wakala awe amesajiliwa. Kwa bara uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, Zanzibar uliza Kamisheni ya Kazi. Asikubali kabisa kuondoka kwa visa ya matembezi akiahidiwa kubadilishiwa mbele ya safari. Mkataba uwe na jina kamili la mwajiri, mtaa, namba ya simu, mshahara, siku ya mapumziko, na uwe umepita ubalozi wetu Muscat. Upige picha kila ukurasa, pamoja na pasipoti na visa, zikae kwenye simu yako. Awe na laini yake ya simu ya kule na namba ya ubalozi ameikariri kichwani, maana simu huchukuliwa. Mshahara aombe uingie kwenye akaunti kwa jina lake, tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa "nitakuwekea mpaka umalize" ndiyo iliyomponza dada yangu. Na mpange neno moja la kawaida ambalo akilitamka kwenye simu wewe unajua yuko matatani hata bosi akiwa amesimama pembeni.

Nitumie huo mkataba inbox, ufunike majina. Dada yangu atausoma leo, anajua vipengele vya kuangalia kuliko mimi.